Picha ya Ndege wa Msituni Inathibitisha Nini Hasa?

Mwanzoni mwa 2023 ilienea mitandaoni picha ya kifaranga wa tausi mwenye rangi zote za tausi dume aliyekomaa. Waliompenda walikuwa wengi, na walioisambaza picha hiyo wakawa wengi zaidi, ingawa ilikuwa kazi ya programu ya akili mnemba. Kifaranga halisi wa tausi ana rangi ya hudhurungi iliyofifia, na dume huhitaji takriban miaka mitatu kabla ya kuota yale manyoya marefu yanayomfanya atazamwe. Tangu hapo mashaka yamehamia upande wa pili: picha za kweli kabisa za ndege wa misitu ya tropiki, zilizopigwa na watu waliokaa vichakani kuanzia alfajiri, sasa hupokewa kwa maneno kwamba hakuna ndege wa namna hiyo. Kati ya yule anayeamini kila picha na yule anayekataa kila picha limepotea swali lenye maana, nalo ni hili: picha ya ndege wa porini inathibitisha nini, na uthibitisho wake unaishia wapi?

Tuanze na istilahi chache. Ukanda wa tropiki ni eneo la dunia lililo karibu na ikweta, kaskazini na kusini mwake, na ndiko wanakoishi wengi wa ndege wa dunia, ambao spishi zao zinakadiriwa kuwa kama 11,000. Spishi ni kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao na kurithishana sifa zinazowatofautisha na makundi mengine. Kielelezo ni ndege aliyekufa, au ngozi yake iliyokaushwa, ambaye huhifadhiwa kwenye makumbusho akiwa na kibandiko kinachoeleza alikopatikana na lini. Rekodi ni taarifa kwamba ndege fulani alionekana au alisikika mahali fulani siku fulani. Picha isiyo na mahali wala tarehe, hata ikiwa nzuri namna gani, haijafikia kuwa rekodi. Mtafiti hawezi kuitumia kwa lolote zaidi ya kuitundika ukutani.

Jambo linalowachanganya watu kuliko yote ni rangi, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Rangi za manyoya hutokana na njia mbili. Ya kwanza ni pigmenti, yaani kemikali iliyomo ndani ya unyoya ambayo hufyonza sehemu ya mwanga na kurudisha iliyobaki. Weusi na hudhurungi wa ndege wengi hutoka huko, na vivyo hivyo wekundu wa mabawa ya shorobo, ambao unatokana na pigmenti yenye madini ya shaba isiyopatikana kwa ndege wa jamii nyingine. Njia ya pili haihitaji kemikali ya rangi hiyo hata kidogo. Unyoya umejengwa kwa matabaka membamba mno, na mwanga unaporudi kutoka kwenye matabaka hayo baadhi ya mawimbi yake huimarishana na mengine hufutana, kama inavyotokea kwenye povu la sabuni ambalo halina rangi lakini huonyesha zambarau, kijani na dhahabu. Karibu buluu yote ya ndege ni ya aina hii: ukiusaga unyoya wa buluu, buluu hutoweka na unabaki na unga wa kahawia.

Matokeo yake huonekana wazi ukimtazama ndege mvumaji wa Amerika, au chozi wa Afrika na Asia, akiwa ametua kwenye kijiti. Koo lake ni jeusi tii. Anageuza kichwa kidogo tu, pengine kumtazama mdudu anayepita, na koo lile lile linawaka wekundu au zambarau kama kaa la moto. Kisha anarudisha kichwa na weusi unarejea. Mtu aliyepiga picha mbili katika sekunde hiyo moja anaweza kuonyesha kile kinachoonekana kuwa ndege wawili tofauti, na wala hajadanganya popote. Kwa sababu hiyo wataalamu wanaotambua ndege kwa picha hawaanzi na rangi. Wao hutazama kwanza umbo la mdomo, urefu wa mkia ukilinganishwa na mabawa, mistari ya usoni na namna ndege anavyokaa, kwa maana hayo hayabadiliki kwa kugeuza shingo.

Weusi nao una mambo yake. Baadhi ya ndege wa peponi wa kisiwa cha Guinea Mpya wana manyoya meusi ambayo watafiti waliyapima na kutangaza mwaka 2018 kwamba yanaweza kumeza hadi asilimia 99.95 ya mwanga unaoyapiga moja kwa moja. Vinyuzi vyake vimejikunja na kusimama, hivyo mwanga ukiingia hugongagonga humo ndani mpaka uishe. Katika picha sehemu hiyo hutokea kama shimo lisilo na unyoya hata mmoja unaobainika, na mtazamaji hudhani kwamba mpigapicha ameharibu au kwamba mtu amepaka rangi kwa kompyuta. Kwa jike anayemtazama dume kutoka mbele, shimo hilo ndilo linaloyafanya manyoya ya buluu yaliyo kando yake yang'ae kuliko kawaida. Na tukumbuke kwamba jike huyo anaona zaidi yetu, kwa kuwa ndege wana aina nne za chembe za kupokea rangi machoni mahali ambapo binadamu ana tatu, na wengi wao huona urujuanimno, mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni. Kamera ilitengenezwa kwa kufuata jicho la binadamu, kwa hiyo hata picha iliyo aminifu kabisa inaonyesha rangi ambazo sisi tungeziona. Rangi anazoziona ndege mwenyewe hazimo.

Kuna pia hali ya mwanga wenyewe. Kwenye sakafu ya msitu mnene wa mvua hufika sehemu ndogo sana ya mwanga unaopiga vilele vya miti, mara nyingi asilimia 1 au 2, na mwanga huo umekwisha kuchujwa na majani hata umegeuka kijani. Ndege mwenye kifua cheupe hutoka kwenye picha akiwa na kifua cha kijani. Mpigapicha anayeirekebisha picha hiyo ili kifua kirudie weupe wake anakaribia ukweli zaidi kuliko yule anayejivunia kwamba hakugusa chochote. Naona ni kosa kuhesabu kila marekebisho kuwa udanganyifu. Mpaka uko mahali pengine: kupunguza au kuongeza mwanga wa picha nzima ni jambo moja, na kumwondoa ndege kwenye tawi moja ili kumweka kwenye ua la kupendeza ni jambo jingine, ambalo linamfanya mtafiti wa kesho aamini kwamba spishi hiyo hula maua hayo.

Hata mwili wa ndege, ambao watu huuona kuwa ushahidi usiopingika, umewahi kudanganya kuliko picha yoyote. Katika karne ya 16 ngozi za ndege wa peponi zilifika Ulaya kutoka Mashariki zikiwa zimekatwa miguu na wafanyabiashara wa huko zilikotayarishwa, na wasomi wakakubali kwamba ndege hao hawatui kamwe, wanaishi angani maisha yao yote. Mwaka 1758, wakati habari za kweli zilikuwa zimekwisha kujulikana, Linnaeus, msomi wa Uswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi ya viumbe, bado alimpa mmoja wao jina la kisayansi linaloeleza kwamba hana miguu, na jina hilo linatumika hadi leo. Kasuku wa jamii ya Eclectus, ambao dume ni kijani na jike ni mwekundu, walihesabiwa kuwa spishi mbili kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, ijapokuwa vielelezo vya wote wawili vilikuwa kabatini.

Kisa cha karibuni zaidi ni cha ndege mdogo wa Borneo mwenye mstari mweusi juu ya macho. Kielelezo chake kimoja tu kilipatikana katika miaka ya 1840, kikaelezwa kisayansi mwaka 1850, na kwa miaka mingi kilidhaniwa kimetoka Java. Hakuna mtafiti aliyemwona tena. Oktoba 2020 wanaume wawili wakazi wa Kalimantan Kusini, upande wa Indonesia wa kisiwa hicho cha Borneo, walimkamata ndege wasiyemfahamu, wakampiga picha kwa simu, wakamwachia, kisha wakawatumia picha wapenzi wa ndege. Ilikuwa ni yule yule, baada ya zaidi ya miaka 170. Sasa angalia jicho. Kile kielelezo cha makumbusho kilikuwa kimewekwa jicho la kioo la rangi ya manjano na fundi aliyekikausha, na vitabu vikalirudia jicho hilo kizazi baada ya kizazi. Ndege aliye hai kwenye picha ya simu alikuwa na jicho jekundu la damu ya mzee. Picha isiyo na ustadi wowote, ndege akiwa ameshikwa mkononi, ilisahihisha kilichokuwa kimeandikwa kwa karne moja na nusu.

Je, basi picha inatosha kutangaza spishi mpya? Hapa wataalamu wenyewe hawajaafikiana, na mifano inavuta pande zote mbili. Mwaka 2006 Ramana Athreya, mwanaastronomia wa India, alieleza spishi mpya ya ndege kutoka Arunachal Pradesh kwa kutumia picha, rekodi za sauti na manyoya machache, kisha akamwachia ndege aliyemnasa, kwa sababu walioonekana walikuwa 14 tu na kumuua mmoja kungekuwa hasara kubwa. Maelezo yake yamesimama. Kabla ya hapo, mwaka 1991, wanasayansi walieleza spishi mpya kutokana na ndege mmoja aliyenaswa Bulo Burti nchini Somalia, ambaye naye aliachiliwa hai baada ya kuchukuliwa damu na manyoya. Mwaka 2008 vinasaba vilipochunguzwa upya ilionekana kwamba alikuwa wa spishi iliyokwisha kujulikana, ila rangi zake zilikuwa tofauti na za wenzake. Upande wa pili, ambako kilichotumika ni mwili na si picha, kuna kirukanjia wa Nechisar, Ethiopia, aliyeelezwa mwaka 1995 kutokana na bawa moja lililookotwa barabarani mwaka 1990. Kwa hiyo picha inaweza kubeba hoja nzito, lakini inabeba vizuri inapokuwa pamoja na sauti, vipimo na chembe za mwili, maana ndege anayeonekana wa ajabu anaweza kuwa ni ndege wa kawaida aliyezaliwa na rangi isiyo ya kawaida.

Neno "kugunduliwa" nalo huzua mkanganyiko kila linapoonekana kwenye vichwa vya habari. Septemba 2022 kamera za mtego, yaani kamera zinazofungwa kwenye mti na kupiga picha zenyewe kiumbe chenye joto kinapopita mbele yake, zilimnasa njiwa mkubwa wa ardhini katika kisiwa cha Fergusson, Papua Guinea Mpya. Sayansi haikuwa na habari zake tangu vielelezo vilivyokusanywa mwaka 1882. Habari zilisema kwamba amegunduliwa upya. Lakini wawindaji wa kisiwa hicho walimjua, walikuwa na jina lake, auwo, na ni maelezo yao kuhusu mabonde alikosikika yaliyowaonyesha watafiti mahali pa kufunga kamera zilizompata safari ilipokaribia kwisha. Kamera ilichofanya ni kugeuza maarifa ya watu wa mahali kuwa rekodi ambayo mtu asiyefika huko anaweza kuikagua. Hiyo ni kazi kubwa, ila si sawa na kumjua ndege kwa mara ya kwanza.

Pengine mchango mkubwa wa kamera uko kwenye mienendo, jambo ambalo ngozi iliyokaushwa haiwezi kulisema. Watafiti Tim Laman na Edwin Scholes walitumia miaka minane, kuanzia 2004, kuwapiga picha na video ndege wa peponi wa spishi zote 39 zilizotambuliwa wakati huo. Miongoni mwao alikuwamo mmoja mweusi mwenye ngao ya buluu kifuani ambaye anajulikana kwa kuinua manyoya ya mgongo na kujigeuza duara jeusi mbele ya jike. Katika rasi ya Vogelkop, magharibi mwa Guinea Mpya, madume walifanya kitu kingine: walijifanya umbo la mwezi mwandamo uliopinda kuelekea chini, na mahali ambapo wenzao huruka-ruka kumzunguka jike, wao waliteleza upande huu na upande ule kwa hatua fupi za haraka. Sauti zao pia zilitofautiana. Mwaka 2018 watafiti hao wawili waliandika kwamba hiyo ni spishi yake peke yake. Vielelezo vya ndege hao vilikuwa vimelala kwenye madroo ya makumbusho kwa miaka mingi, na ngozi peke yake isingeweza kuonyesha wanavyocheza.

Namna picha zinavyopatikana nayo imezungukwa na maneno mengi. Wapo wanaoamini kwamba lenzi kubwa ndiyo siri. Lenzi husaidia, lakini katika msitu mnene, ambamo hatua kumi mbele ni ukuta wa majani, kinachosaidia zaidi ni kuujua mti unaozaa wiki hiyo, kusikia mlio na kukaa kimya ndani ya kibanda cha kujificha mpaka ndege akuhesabu kuwa sehemu ya mahali hapo. Njia ya mkato ni kupiga rekodi ya sauti ya ndege ili dume ajitokeze. Hujitokeza kweli, kwa sababu anadhani mpinzani ameingia kwenye eneo lake, na muda anaoutumia kumtafuta adui asiyekuwepo ni muda ambao halishi wala halindi kiota. Utafiti uliofanyika Ecuador na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba ndege wa spishi mbili waliochezewa sauti walibadilisha mwenendo wao wa kuimba, na wale wa spishi moja, waliochezewa kila siku, walizoea na kupunguza kuitikia siku zilivyokwenda. Madhara hayalingani kwa kila spishi, na mtu mmoja anayepiga sauti mara moja si sawa na njia ya watalii ambapo kila kundi linalopita linapiga sauti ile ile kwa dume yule yule.

Kuhusu flashi, hakuna msingi wa kusema kwamba humpofusha ndege wa mchana aliye mbali. Usiku ni habari nyingine: bundi au kirukanjia ana macho yaliyofunguka kwa giza, na mmweko wa ghafla unaweza kumzubaisha kwa muda ambao angehitaji kuwinda au kukwepa tawi. Ningeogopa zaidi picha za viota. Anayekata majani ili kiota kionekane vizuri amekifungulia pia jua na mvua, na amemwonyesha nyoka na kunguru njia.

Tufike sasa kwenye dhana ngumu kuliko zote, ile ya idadi. Watu huona picha nyingi za ndege fulani wakasema yuko kwa wingi, au hawaoni hata moja wakasema ametoweka. Idadi ya picha hupima kwanza wapigapicha: barabara zao, likizo zao, ndege wanaowapendeza. Ndege wa kahawia anayetembea chini hapigwi picha hata kama wako elfu. Vilevile kutomwona ndege hakumaanishi kwamba hayupo, na ndiyo maana watafiti hurudi mahali pale pale mara nyingi, kwa muda ule ule na kwa njia ile ile, ili wakadirie uwezekano wa kumkosa ndege aliyepo. Wengine hutandika nyavu nyembamba, humvisha kila ndege anayenaswa pete yenye namba mguuni, na kumwachia. Katika Hifadhi ya Taifa ya Soberanía, Panama, nyavu zilitandikwa hivyo kuanzia 1977 hadi 2020. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba kati ya spishi 57 zilizokuwa na takwimu za kutosha, 40 zilipungua, na 35 kati ya hizo zilipoteza nusu au zaidi ya idadi yao ya awali. Msitu wenyewe ulikuwa bado umesimama, unalindwa, na mgeni aliyeingia na kamera katika mwaka wowote ule wa kipindi hicho angetoka na picha nzuri.

Hilo halizifanyi picha za watu wa kawaida kuwa bure. Tovuti ya eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Maabara ya Ornitholojia, yaani elimu ya ndege, ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani pamoja na Audubon, shirika la uhifadhi wa ndege la huko huko, huwaomba watumiaji waandike orodha ya ndege wote waliowatambua, pamoja na muda waliotumia na umbali waliotembea, kwa sababu orodha kamili ya nusu saa inaeleza pia ndege ambao hawakuonekana. Picha huambatanishwa ili mhakiki aweze kukubali au kukataa rekodi isiyo ya kawaida. Mwenye simu ya kawaida aliyeandika muda na mahali kwa uangalifu ameisaidia sayansi kuliko mwenye lenzi ya bei kubwa asiyekumbuka alikuwa msitu gani.

Lakini uangalifu huo huo una upande wa hatari, kwa kuwa taarifa zinazomfaa mtafiti humfaa pia mtegaji. Hondohondo mwenye kofia ngumu wa Kusini Mashariki mwa Asia huwindwa kwa ajili ya kofia hiyo inayochongwa kama pembe za ndovu, na tangu 2015 amewekwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Ndege waimbaji kadhaa wa eneo hilo wamepungua vivyo hivyo kwa kukamatwa na kuuzwa vizimbani. Kwa spishi za namna hiyo eBird huficha mahali halisi alipoonekana ndege na kuonyesha eneo pana tu. Mpigapicha anayechapisha kwingineko hana kinga hiyo: faili ya picha iliyotoka kwenye simu inaweza kubeba latitudo na longitudo ya mti wenyewe, na hata zikifutwa, mwamba wa pekee au kibao cha njia nyuma ya ndege vinatosha kwa mtu anayeujua msitu huo. Kilichozoeleka kwa watafiti ni kuhifadhi faili kamili kwao na kwenye hifadhidata, kutoa nakala isiyo na taarifa za mahali, na kusubiri mpaka msimu wa kutaga uishe kabla ya kuonyesha chochote kinachohusu kiota.